Maji ya Bomba Yanakutia Shaka? Mwongozo Kamili wa Kutafuta Uchafu Unapoingilia, Kupima na Kutibu

Kila mvua za Novemba zinapoanza, malalamiko hapa kwetu Mbeya, kutoka Uyole, Isyesye, Iwambi hadi Mbalizi, huwa yale yale: maji yametoka bombani na rangi ya chai, tumeweka dawa, tumechemsha, na bado watoto wanaharisha. Wapo waliofika hadi maabara, wakalipia, wakarudi na karatasi ya majibu isiyowasaidia chochote.

Kasoro karibu zote zinafanana. Watu wanaanza na dawa kabla ya kujua uchafu unaingilia wapi. Maji yako yanapita sehemu tatu: bomba la mamlaka ya maji hadi kwenye mita, bomba na tenki lako, kisha ndoo mnayochotea. Kama uchafu unaingilia kwenye ndoo, hakuna dawa ya tenki itakayokuponya. Kama unaingilia kwenye bomba la mtaa, utaosha tenki kila wiki bila kuona tofauti. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke moja kwa sababu unadhani jibu unalijua.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa za sampuli za vimelea, kutoka maabara yenyewe. Si za kuokota wala za kununua dukani.
- Chupa safi za maji ya kunywa za lita 1 au 1.5, kwa vipimo vya kemikali. Chupa ya soda au ya mafuta haifai.
- Spiriti, pamba na kiberiti.
- Kisanduku cha kubebea vitu baridi, au ndoo yenye mfuniko, pamoja na barafu iliyofungwa kwenye mfuko.
- Kalamu ya maka na plasta ya karatasi ya kuandikia.
- Glasi angavu na ukurasa wa gazeti.
- Vikaratasi vya kupimia klorini, kama vile vya mabwawa ya kuogelea, ukivipata.
- Sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano.
- WaterGuard (dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa), au dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi.
- Ndoo ya lita 20 yenye koki na mfuniko unaobana.
- Glavu za mpira na brashi yenye mpini mrefu.

## Hatua ya 1: Ongea na maabara kabla ya kugusa maji

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Mbeya na Iringa. Fika au piga simu kwanza, uulize mambo manne: siku wanazopokea sampuli za vimelea, chupa zao unazichukua lini, kila kipimo ni shilingi ngapi, na majibu yanatoka baada ya muda gani.

Siku ina maana kubwa. Vimelea hupimwa kwa kuvioteshea kwenye joto maalumu kwa saa 24 au zaidi, kwa hiyo sampuli ya Ijumaa jioni inaweza kukataliwa. Panga kupeleka kati ya Jumatatu na Jumatano.

Usiseme tu "nipimieni maji". Taja vipimo: E. coli (kimelea kinachoonyesha kuwa kinyesi kimeingia), tope, klorini iliyobaki, pH (kiwango cha uchachu wa maji), chuma, naitreti na floraidi. Kama mfuko hauruhusu vyote, anza na E. coli, tope na klorini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyohusu ugonjwa wa wiki hii. Naitreti usiiache kama nyumba yako iko karibu na mashamba ya viazi na mahindi yanayotiwa mbolea nyingi, au kama unachanganya maji ya bomba na ya kisima kifupi. Floraidi hupanda kwenye maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, na baadhi ya milima yetu ni ya asili hiyo. Kwa mwenye kisima kirefu, hicho ni kipimo cha kufanya angalau mara moja.

## Hatua ya 2: Kagua kwenye mita, asubuhi

Fungua koki iliyo karibu kabisa na mita, kabla maji hayajafika kwenye tenki. Jaza glasi, iweke juu ya kitu cheupe, na utazame.

Meupe kama yana ukungu, kisha yanakuwa angavu kuanzia chini kwenda juu ndani ya dakika chache: hiyo ni hewa iliyobanwa kwenye bomba. Haina madhara.

Mekundu au ya kahawia, yanayosafika baada ya kuyaacha yatiririke dakika chache: mara nyingi ni kutu ya bomba la chuma, pengine la kwako mwenyewe. Inaharibu nguo na ladha kuliko inavyoharibu afya.

Ya kahawia yasiyosafika, na jirani anaona hivyo hivyo: ni tope kutoka chanzo au bomba lililopasuka mtaani. Hili ndilo la kuogopa, maana palipopita udongo pamepita na vingine.

Chenga nyeusi: inaweza kuwa madini ya manganizi yaliyojikusanya bombani, au raba ya koki iliyochakaa. Zisugue kwa kidole. Raba hunyumbulika, manganizi huacha weusi.

Harufu hafifu ya klorini: furahi. Wengi huichukia harufu hii na kumwaga maji, kumbe ndiyo ishara kwamba mlinzi bado yumo.

Kisha jaza chupa angavu ya plastiki, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti na utazame kutoka juu, kupitia mdomoni mwa chupa. Ukishindwa kusoma maandishi makubwa, tope limezidi; klorini peke yake haitafanya kazi kwenye maji hayo hadi uyatuamishe.

Tahadhari: vimelea havionekani kwa macho. Maji maangavu yaliyochanganyika na kinyesi yapo, tena mengi. Ukaguzi huu unakusaidia kujua tatizo ni la aina gani, basi. Hautoi cheti cha usalama.

## Hatua ya 3: Tafuta tundu

Hatua hii watu huiruka, na mimi ningependa uipe muda kuliko nyingine zote.

Kwenye mitaa yenye mgao, bomba hujaa maji kwa saa kadhaa halafu hukauka. Likiwa na msukumo, kila tundu hutoa maji nje. Msukumo ukiisha, mambo hugeuka: bomba linavuta kilicho nje kuingia ndani. Kama tundu liko kwenye mtaro, au chini ya karo la jirani, unachovuta unakijua. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao ndiyo machafu kuliko yote, na ndiyo maana nyumba moja huugua huku ya pili ikiwa salama, ingawa zinatumia chanzo kimoja.

Fanya hivi wakati maji yanatoka. Funga koki zote za ndani, na valvu ya kuingiza maji kwenye tenki. Kaa mbele ya mita dakika 15. Kama kigurudumu kidogo cha mita kinaendelea kuzunguka, una tundu kati ya mita na nyumba, na ukarabati ni juu yako.

Baada ya hapo fuata njia ya bomba kwa miguu, kutoka lilipounganishwa mtaani hadi kwako. Tafuta udongo unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi, majani yaliyostawi mahali pamoja, bomba jeusi la plastiki lililolazwa wazi ndani ya mtaro, na maungio yaliyofungwa kwa mpira wa tairi. Angalia umbali wake na vyoo, vya kwako na vya majirani. Kwenye maeneo ya mteremko kama ya chini ya mlima Loleza, choo kilicho upande wa juu wa bomba lako kina hatari kuliko kilicho upande wa chini, hata kikiwa mbali kidogo.

Ungio lililofungwa kwa mpira lisikarabatiwe kwa mpira mwingine. Mwite fundi bomba akate, aweke ungio halisi, na bomba alitoe mtaroni. Likilazimika kuvuka mtaro, lipite juu, ndani ya bomba kubwa zaidi la chuma lisilo na ungio katikati.

Umemaliza vizuri ikiwa mita imesimama kabisa koki zote zikiwa zimefungwa.

## Hatua ya 4: Chukua sampuli tatu, si moja

Kosa la kawaida ni kuchota maji ya ndoo jikoni kwenye chupa iliyotumika, kuyazungusha mjini nusu siku juani, kisha kuyakabidhi saa kumi. Majibu yanayotoka hapo yanaeleza habari za chupa.

Chukua sampuli ya mita, ya koki inayotoka kwenye tenki, na ya ndoo ya kunywa kama ilivyo. Usiioshe ndoo kwanza kwa ajili ya heshima. Tunataka ukweli wake. Fanya zote asubuhi moja.

Kwa vimelea:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa mipira na vichujio vilivyofungwa kwenye koki.
2. Acha maji yatiririke dakika 2 hadi 3, kisha funga.
3. Koki ya chuma: loweka pamba kwenye spiriti, iwashe, ipitishe kwenye mdomo wa koki hadi upate moto. Weka chupa ya spiriti mbali kabla ya kuwasha kiberiti, na watoto wasiwepo. Koki ya plastiki usiichome. Ifute vizuri kwa spiriti na uiache ikauke.
4. Fungua tena maji taratibu kwa dakika 1.
5. Fungua chupa ya maabara bila kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Kifuniko kishike mkononi, usikiweke chini.
6. Usiisuuze chupa. Ile dawa kidogo iliyomo huzima klorini, ili vimelea visiendelee kufa njiani na kukupa jibu la uongo.
7. Jaza ukibakiza nafasi ya vidole viwili juu, funga, andika mahali, tarehe na saa.

Kwenye ndoo, achia koki yake moja kwa moja ndani ya chupa. Kama huwa mnachota kwa kikombe, chota kwa kikombe hicho hicho.

Kwa kemikali ni kinyume: suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, kisha jaza hadi juu kabisa. Na kama unashuku madini ya risasi kwenye nyumba kuukuu yenye maungio ya kuchomelea au koki za shaba, sampuli yake ichukuliwe kabla ya yeyote kufungua maji asubuhi, baada ya kulala bombani saa 6 au zaidi. Hapo usitiririshe hata kidogo.

Weka chupa kwenye barafu, zisigande, zifike maabara ndani ya saa 6. Saa 24 ndio mwisho. Zikipita hapo tupa uanze upya. Klorini yenyewe haisubiri safari: ipime papo hapo kwenye koki kwa kikaratasi na uandike rangi uliyoiona.

## Hatua ya 5: Soma majibu

E. coli lazima iwe 0 katika mililita 100. Hakuna "kidogo tu". Ikionekana, kinyesi cha mtu au mnyama kimeingia.

Klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita kwenye koki. Tope lisizidi NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), na kabla ya kuweka klorini ni bora likiwa chini ya 1. Naitreti mwisho wake kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, floraidi 1.5, risasi 0.01. Chuma kikizidi 0.3 kitachafua nguo na ladha.

Sasa linganisha zile sehemu tatu:

- Mita safi, tenki chafu: nenda hatua ya 7.
- Mita na tenki safi, ndoo chafu: tatizo ni kikombe, mikono au ndoo. Hili ndilo la bei rahisi kuliko yote kulitatua.
- Mita chafu: ni la mtaa. Tibu maji leo, na uripoti leo.
- E. coli 0 lakini klorini pia 0: maji yalikuwa salama asubuhi ile, na hayana ulinzi wowote mgao ukianza.

## Hatua ya 6: Tibu kulingana na ulichokikuta

Tope kwanza. Jaza ndoo, funika, iache usiku kucha. Asubuhi mimina taratibu maji ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, mashapo ya chini uyamwage. Bila hivyo klorini itaishia kwenye matope na vimelea vitabaki.

Kuchemsha. Hapa kwetu kuna swali linalojirudia. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100. Yanatosha. Vimelea vya kuharisha hufa kwenye joto la chini ya hapo. Yakianza kubwabwaja kwa mapovu makubwa, chini ya mita 2,000 dakika 1 inatosha. Juu ya hapo, kama sehemu za Makete na vilele vya Uporoto, ziwe 3. Mimi nashauri dakika 3 kila mahali nyanda hizi, ili mtu asihesabu vibaya. Yapoe ndani ya sufuria hiyo hiyo, yakiwa yamefunikwa.

Kuchemsha ndiyo njia ya kuchagua kwa watoto wachanga na wagonjwa wenye kinga dhaifu, kwa sababu kuna vimelea vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi.

Klorini. Kwa WaterGuard, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi uliyoshika, maana ya maji na ya vidonge hazilingani. Ukitumia dawa ya kufulia, soma kwanza asilimia ya sodiamu haipokloraiti kwenye lebo. Kwa ile ya asilimia 3.5, mililita 1 ya sirinji inatosha lita 20 za maji maangavu; yenye ukungu kidogo, mililita 2. Ikiwa ya asilimia 7, tumia nusu. Isiyoandikwa asilimia, au yenye manukato, iache dukani.

Koroga, funika, subiri dakika 30. Ila Juni na Julai, maji yakiwa ya baridi ya kuuma meno, subiri saa nzima, kwani klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi. Baada ya hapo unapaswa kusikia harufu hafifu, na kikaratasi kionyeshe angalau 0.5. Usiposikia wala kuona chochote, rudia kipimo kile kile mara moja. Ukikosa tena, dawa imechakaa au maji yana tope jingi.

Jua. Chupa angavu za plastiki za lita 1 hadi 2, zilizojazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kamili. Kipupwe si kizuizi, kazi hufanywa na miale na siyo joto. Siku za mawingu, ziache siku mbili mfululizo. Wakati wa mvua za mfululizo usiitegemee njia hii.

Kemikali. Hapa sikilizeni vizuri, hasa mama mwenye kichanga. Kuchemsha hakuondoi naitreti, floraidi wala risasi; maji yanapungua, vyenyewe vinabaki na kukolea. Naitreti ikizidi 50, usitumie maji hayo kukorogea maziwa ya mtoto wa chini ya miezi 6, kwa kuwa huifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni. Tafuta chanzo kingine cha kunywa na kupikia. Kwa risasi, tiririsha maji yaliyolala bombani kabla ya kuchota, usipikie maji ya moto ya bombani, na ubadilishe maungio.

## Hatua ya 7: Osha tenki

1. Fukuza maji hadi yabaki kiasi cha kiganja. Sugua kuta, chini na mfuniko kwa brashi ukiwa nje. Tenki kubwa likilazimu kuingiwa, asiingie mtu peke yake, na dawa isiwepo ndani.
2. Toa tope lote, suuza, toa tena.
3. Jaza maji na uweke klorini: kwa kila lita 1,000, lita 1.5 ya dawa ya asilimia 3.5. Vaa glavu. Kamwe usichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo inaua.
4. Fungua kila koki ya nyumba hadi usikie harufu ya klorini, kisha funga. Mabomba nayo yanahitaji dawa.
5. Acha saa 24. Waambie wote nyumbani wasinywe, na bandika karatasi kwenye koki.
6. Mwaga mbali na bustani na mabwawa ya samaki, jaza upya na usuuze mabomba hadi harufu kali iishe.

Kabla ya kufunga, weka wavu mwembamba kwenye bomba la kufurikia. Mijusi na panya hupitia hapo. Mfuniko uliopasuka badilisha, usiuwekee jiwe.

Rudia angalau kabla na baada ya msimu wa mvua. Siku ya mgao, maji ya dakika za mwanzo yasiingie tenkini: weka valvu kabla ya tenki, yamwagie choo au kudeki hadi yawe maangavu.

## Hatua ya 8: Ripoti, kisha pima tena

Kama mita ndiyo chafu, peleka taarifa kwa mamlaka ya maji ukiwa na namba ya mita, tarehe na saa, nakala ya majibu na picha ya bomba lililopasuka. Omba namba ya taarifa. Nenda na majirani wawili watatu na umhusishe mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu lalamiko la nyumba moja huonekana ni tatizo la nyumba hiyo. Usiposikilizwa, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapokea malalamiko ya wateja wa maji na ina ofisi ya kanda Mbeya. Watakuuliza ushahidi kwamba ulianza kwa mamlaka yenyewe, kwa hiyo usitupe ile namba.

Wiki mbili baada ya ukarabati, chukua tena sampuli ya E. coli mahali pale pale palipokuwa pachafu, kwa utaratibu wa hatua ya 4, ikiwezekana asubuhi baada ya usiku wa mgao. Ikitoka 0 wakati huo, na klorini ikasoma 0.2 au zaidi, unaweza kuacha kuchemsha. Endelea kuwachemshia wachanga.